Mizinga ya Mbao ya Kasanga

Wazee wa Ufipa wakieleza jinsi nchi yao ilivyotoka mkono mmoja kwenda mwingine, hawaanzi na mapigano. Wanaanza na kiti. Mwene Ntatakwa, aliyekuwa na makao yake Milanzi, alitoka siku moja kwenda kuwinda, mkewe akabaki nyumbani. Huku nyuma wakaja wanawake watatu wageni, watu wa kutoka mbali, wakaingia mpaka ndani na kudai kiti cha utawala. Mke wa Mwene akawapisha. Ntatakwa aliporudi porini alikuta nchi imekwisha kuchukuliwa, na hakuna aliyerusha hata mkuki mmoja. Akaachiwa Milanzi na heshima ya matambiko. Utawala wa nchi ukawa wa uzao wa wale wanawake, ndio Watwaci, ambao baadaye waligawana milki mbili, Nkansi na Lyangalile.

Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, aliichambua hadithi hii kwa kina, na wasomi wengine wana tafsiri zao. Mtoto anayeisikia kwa mara ya kwanza huuliza jambo moja tu: sasa huyo Mwene alikwenda kuwinda nini siku ile?

Nimeitanguliza kwa sababu swali la mtoto huyo linamfaa pia ofisa mmoja wa Kiingereza aliyekuja kwenye maji ya Ufipa mwaka 1916 akiwa na sifa za ushujaa, akaondoka akiwa kichekesho. Nasema mapema kwamba ushujaa wake ulikuwa wa kweli. Wengi wanaomwandika huanza kwa kumcheka, na ukishamcheka mtu huwezi tena kujifunza kwake.

Jina lake Geoffrey Spicer-Simson. Alizaliwa Tasmania mwaka 1876, akaingia jeshi la majini la Uingereza angali kijana mdogo, na vita ilipolipuka mwaka 1914 wenzake walikuwa wamekwisha kumpita vyeo kwa mbali. Jalada lake lilijaa ajali na lawama. Novemba ya mwaka huo alikuwa na kikosi kidogo cha ulinzi wa pwani ya kusini mashariki mwa Uingereza. Manowari moja ya kikosi hicho, Niger, ilipigwa na nyambizi ya Kijerumani mchana kweupe ikiwa imetia nanga, na yeye wakati huo alikuwa nchi kavu, hotelini, na mkewe na marafiki. Akahamishiwa ofisini. Alikuwa mtu wa majigambo, mwenye michoro ya wino mwili mzima na hadithi nyingi za uwindaji ambazo wasikilizaji wake hawakuziamini. Alipofika Afrika alizoea kuvaa sketi ya kaki aliyoshonewa na mkewe, kwa ajili ya joto. Wakazi wa upande wa Kongo wakampa jina la Bwana Chifungatumbo. Haya ndiyo yanayochekesha, na nimeyamaliza.

Kilichomtoa ofisini ni Ziwa Tanganyika. Mwanzoni mwa vita ziwa hilo lilikuwa la Wajerumani kabisa. Walikuwa na Hedwig von Wissmann na Kingani, meli ndogo zenye mizinga, na tangu Agosti 1914 walikuwa wameiharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, isiweze kufanya kazi. Kigoma walikuwa wanaunda ya tatu, kubwa kuliko zote: Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg huko Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku maelfu, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli na mabega ya watu mpaka ziwani. Ilishushwa majini Februari 1915. Aliyelishika ziwa aliweza kuhamisha askari kutoka Kigoma hadi Kasanga kwa siku chache, wakati adui yake anahangaika majuma kwenye vilima na misitu. Kasanga wakati huo iliitwa Bismarckburg, na ndiyo iliyokuwa makao ya wilaya ya Wajerumani iliyoitawala Ufipa.

Mwindaji wa tembo, John Lee, ndiye aliyekwenda London Aprili 1915 na shauri lililosikika kama la mlevi: zichukuliwe boti mbili za injini za petroli, zisafirishwe mpaka Cape Town, zipande treni hadi Kongo, zivutwe porini na kupitishwa milimani, zikashushwe Tanganyika. Wakuu wa majini wakakubali. Ofisa wa kwenda alikosekana, kwa kuwa kila mwenye sifa alikuwa na kazi nyingine; Spicer-Simson alikuwepo pale pale jengoni, anajua Kifaransa na Kijerumani, na amewahi kupima mito ya Afrika Magharibi. Akapewa yeye. Boti zilikuwa za mbao za mkangazi, urefu futi 40, mzinga mdogo mbele na bombomu nyuma. Alipendekeza ziitwe Paka na Mbwa, wakubwa wakakataa, ndipo akazipa majina ya Mimi na Toutou, ambayo kwa Kifaransa cha watoto ni yale yale aliyokatazwa. Lee mwenyewe hakuiona kazi yake ikikamilika. Njiani alishtakiwa utovu wa nidhamu akaondolewa, na mwenye wazo akafutwa ndani ya wazo lake. Hiyo ilikuwa dalili, ila hakuna aliyeitazama.

Waliondoka Uingereza katikati ya Juni 1915. Reli iliwaishia Fungurume, Katanga, mwanzoni mwa Agosti. Kutoka hapo hadi reli nyingine ilikuwa karibu kilomita 235 za pori, na katikati imelala milima ya Mitumba yenye kimo cha zaidi ya mita 1,800.

Hapa inafaa kutulia kidogo, kwa sababu hapa ndipo uongozi wa mtu huyu ulipoonekana. Boti ziliwekwa kwenye magari ya magurudumu na kuvutwa na injini mbili za mvuke, zile zilizotumika mashambani Uingereza. Njia haikuwepo, ilifyekwa. Madaraja yalijengwa kwa miti, zaidi ya mia moja, na baadhi yalivunjika injini ikiwa juu yake. Mteremko ulipozidi nguvu za mvuke, walifungwa maksai kwa makumi. Mteremko ulipozidi nguvu za maksai, watu walishika kamba. Maji ya injini yalipokwisha, wanawake wa vijijini waliyateka mbali na kuyabeba vichwani katika mitungi ili moto usizimike. Vitabu vya Kiingereza vinawataja wanawake hao kwa sentensi moja na kupita. Bila wao safari ingeishia porini.

Na Spicer-Simson alikuwepo. Mpumbavu wa hotelini alitembea na msafara, akalala ulipolala, na pamoja na kelele na majivuno yake hakumpoteza hata mmoja wa wanajeshi wake kwa maradhi njiani, jambo lililokuwa adimu kabisa kwa Wazungu waliopita Katanga miaka ile. Wakapanda treni tena, wakaelea Lualaba mto ukiwa umepungua maji, boti zikikwama mchangani na kusukumwa, wakapanda treni ya tatu, na mwisho wa Oktoba wakaliona ziwa pale Lukuga, ambapo leo ni Kalemie. Siku mbili tatu kabla ya Krismasi, Mimi na Toutou zikashushwa majini.

Tarehe 26 Desemba ilikuwa Jumapili. Kamanda alikuwa anaongoza sala ilipokuja habari kwamba Kingani inaonekana. Akamaliza sala, kisha akaingia Mimi mwenyewe. Mzinga wa Kingani uliweza kupiga mbele tu, na yeye alilijua hilo, basi akazipeleka boti zake nyuma ya adui, karibu, ndani ya masafa ambayo risasi moja kwenye tangi la petroli ingewageuza wote makaa. Pambano halikuzidi robo saa. Nahodha wa Kijerumani akauawa na meli ikatekwa. Wakaiziba matundu, wakaifungia mzinga mkubwa zaidi, wakaiita Fifi.

Tarehe 9 Februari 1916 ikaja Hedwig von Wissmann kumtafuta mwenzake aliyepotea. Safari hii Spicer-Simson alikuwa juu ya Fifi, akifyatua makombora na kukosa. Luteni Wainwright, aliyekuwa ndani ya Mimi, aliona alichokuwa haoni mkubwa wake: makombora yalikuwa yanaruka juu ya adui na kuangukia mbali. Akaiendesha Mimi mpaka ubavuni mwa Fifi, katikati ya mapigano, akapaza sauti kumwambia kamanda kwamba anapiga mbali mno. Kamanda huyu hakuwa mtu wa kuambiwa. Hata hivyo siku ile alisikia, masafa yakarekebishwa, na kwa makombora machache yaliyobaki Hedwig ikaenda chini.

Ningependa msomaji aishike picha ya Wainwright akipaza sauti juu ya maji. Tutaihitaji tukifika Kasanga.

Kesho yake, Graf von Götzen yenyewe ikapita mbele ya Lukuga, ikiwa na mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye manowari Königsberg baada ya kuzamishwa Rufiji. Maofisa wa Kiingereza walitaka kutoka kuikabili. Spicer-Simson akakataa. Wapo wanaosema woga ulianzia hapo, nami sikubaliani nao. Kombora moja la mzinga ule lingetosha kwa boti za mkangazi, na jemadari hapimwi kwa kupeleka watu kufa bila faida. Kilichonitia shaka ni alichofanya baadaye. Aliondoka ziwani. Kulikuwa na meli ya chuma, St George, mali ya ubalozi mdogo wa Uingereza huko Leopoldville, na aliona akiipata atalingana na Götzen. Akaifuata, akavuka Kongo nzima kwenda na kurudi, na alirudi Mei. Kwa karibu miezi mitatu mshindi wa Tanganyika hakuwa Tanganyika.

Kabla ya hapo zilikuwa zimefika salamu. Mfalme wa Uingereza alituma pongezi kwa kikosi chake cha mbali. Cheo kilipandishwa, na tarehe yake ikarudishwa nyuma hadi siku ya Kingani. Wabelgiji walimpa nishani. Baadhi ya wakazi wa pwani ile walifinyanga sanamu zake za udongo. Mtu ambaye kwa miaka 25 hakusifiwa na yeyote isipokuwa yeye mwenyewe sasa alisifiwa na kila mtu. Nadhani sumu iliingia kwa mlango huo. Alipovuka Mitumba hakuwa na jina la kulinda. Mei 1916 alikuwa nalo.

Wakati anarudi, vita nchi kavu ilikuwa imewaka. Tarehe 25 Mei majeshi ya Kiingereza ya Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Safu ya magharibi, ya Luteni Kanali Murray, ilitoka Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, ikapanda nyanda za Ufipa na kuizingira ngome ya Wajerumani ya Namema. Usiku wa tarehe 2 Juni waliozingirwa wakapenya na kutoroka. Sikiliza hili vizuri: Murray naye aliponyokwa. Ila asubuhi alikuwa nyuma yao, kwa miguu, mchana na usiku, akiwasukuma kuelekea ziwani. Wangekimbilia Kasanga, na Kasanga kuna milango miwili tu. Wa nchi kavu alikuwa anakuja kuufunga yeye. Wa maji alikuwa ameachiwa Spicer-Simson.

Anayeijua njia ya Sumbawanga, Matai, Kasanga anajua jinsi nchi inavyokatika. Juu ni baridi, majani na mashamba ya mahindi na ulezi, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kisha ardhi inaporomoka karibu mita elfu moja, joto linakupanda miguuni, na ziwa hilo hapo. Boma la Kijerumani lilikaa juu ya rasi, kuta zake zikitazama maji. Juni ni kipupwe, hewa ya asubuhi ni safi, na darubini inaona mbali.

Tarehe 5 Juni kikosi cha Spicer-Simson kilifika mbele ya boma hilo. Akatazama kwa darubini. Aliona kuta, na juu ya kuta midomo ya mizinga iliyoelekezwa ziwani. Chini bandarini aliona majahazi na mitumbwi iliyofungwa, vyombo vya kutosha kubeba jeshi zima. Maofisa wake wakashauri kwamba walau vyombo vile vivunjwe. Alikataa. Akageuza, akaenda kutia nanga Kituta, kusini, upande wa Waingereza.

Usiku Wajerumani wakapakia watu na silaha kwenye majahazi na mitumbwi ile ile, wakavuta makasia kimya kuelekea kaskazini, wakapotea. Tarehe 8 Juni askari wa Murray wakaingia ndani ya boma tupu. Wakapanda ukutani kuitazama mizinga iliyowafukuza wanamaji.

Ilikuwa ya mbao.

Spicer-Simson alipofika na kushuka pwani na sketi yake, askari wa Murray walicheka wazi, na Murray mwenyewe alikuwa na maneno ya kumwambia. Baada ya hapo alijifungia. Alidhoofika mwili na akili, daktari wake akaona hafai tena kwa kazi, na kabla mwaka haujaisha akawa amerudishwa Uingereza akiwa mgonjwa.

Ni rahisi mno kuitumia mizinga ya mbao kumsulubu. Aliyekuwa majini siku ile hakuwa na jinsi ya kujua kwa macho tu kwamba ule ni mti uliopakwa rangi, na boti zake hazikuwa na chuma cha kuzikinga. Kama kosa lake lingekuwa kuiogopa mizinga, ningemsamehe, kama nilivyomsamehe kuiogopa Götzen. Kosa lilikuwa kwingine. Hakuambiwa aliteke boma. Kazi iliyomngoja ilikuwa kuufunga mlango wa maji, na kwa kazi hiyo ilitosha akae nje ya masafa ya mizinga, alale pale na boti zinazokimbia kuliko chombo chochote cha makasia, na usiku asikilize. Jahazi lililojaa askari haliwezi kupita mbele ya Mimi. Kukaa palepale tu, mbali lakini akiwepo, kungeyafunga yale majahazi bandarini hadi Murray afike. Yeye aliona njia mbili, kushambulia au kuondoka. Akaondoka.

Na tazama tofauti na Februari. Siku ya Hedwig mdogo wake alimpigia kelele katikati ya moto na akasikia, kwa kuwa macho yake yote yalikuwa kwenye meli ya adui. Siku ya Kasanga wadogo wake walimwambia jambo dogo zaidi, lisilo na hatari kubwa, akakataa. Maofisa walikuwa wale wale, boti zile zile, na ziwa halikubadilika. Kilichoongezeka ni nishani na salamu za mfalme. Mtu akishaanza kuhesabu atakachopoteza, ushauri wa mdogo wake humgeukia kuwa hatari: ukifaulu, sifa zitagawanywa, ukishindikana, lawama ni ya mkubwa. Naandika haya kama dhana yangu, kwa kuwa hakuna aliyeingia kichwani mwa mtu yule. Lakini nimewaona wa namna yake bila sketi na bila manowari.

Nimewaona hapa hapa nyanda za juu. Mwenyekiti wa chama cha ushirika anayepigana msimu mmoja kama simba, akalala bohari na wakulima, akafuata ofisi kwa ofisi mpaka mahindi yakanunuliwa kwa bei ya haki. Mwaka unaofuata yuko Dodoma anatafuta jambo kubwa zaidi, na mizani za walanguzi zimerudi nyuma yake. Mwalimu mkuu aliyeinua shule kwa kuingia darasani mwenyewe, akapewa cheti ukumbini, na tangu siku hiyo anaijua shule kwa taarifa za mezani. Hawa si waoga wala si wavivu. Walichofanya kwanza walikifanya kwa kuwa karibu, kisha wakaanza kuongoza kwa darubini. Na kitu kikitazamwa kwa darubini, mti uliochongwa na mzinga wa chuma vina sura moja. Tatizo la kijiji linalomtisha mkuu aliye mbali, mara nyingi ukilifikia unaweza kuligonga kwa kidole ukasikia ni mbao.

Kwa vijana wa Milanzi au wa mtaa wowote wa Sumbawanga wanaotaka jeshi, naongeza jambo moja la pembeni. Filamu za vita zinaonyesha ushujaa kama dakika ya kufyatua risasi. Riwaya na filamu ya The African Queen, iliyopata wazo lake kutoka kampeni hii ya ziwa, imejengwa juu ya dakika kama hiyo. Saa za ushujaa mgumu katika kisa hiki hazina picha nzuri: kuvuta kamba Mitumba, kusukuma boti mchangani Lualaba, na ule usiku mmoja wa Juni ambao ulitakiwa tu ukeshwe mbele ya Kasanga na haukukeshwa. Aliyeweza miezi minne ya kwanza alishindwa na usiku mmoja.

Gharama ya usiku huo siwezi kuipiga hesabu, na atakayekupa hesabu kamili anakudanganya. Kikosi kilichotoroka kilikuwa kidogo, na vita vya Afrika Mashariki visingeishia Kasanga hata kama wote wangetekwa. Lakini vita ile iliendelea kwa kuwa vikosi vidogo viliponyoka tena na tena, hapa na kwingine, na kila kilichoponyoka kilihitaji chakula na mabega. Mabega yalikuwa ya watu wetu. Pande zote mbili zilikamata wapagazi, zikachukua ng'ombe na nafaka, na katika Afrika Mashariki nzima waliokufa chini ya mizigo, kwa njaa na kuhara na homa, walikuwa makumi ya maelfu, wengi kuliko askari. Vita vilizunguka miaka miwili na nusu mingine, vikarudi jirani kabisa na Ufipa: Novemba 1918 jemadari wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini Abercorn, mji ule ule ambao Murray aliutoka.

Götzen ambayo Spicer-Simson alivuka Kongo kutafuta meli ya kuikabili haikumngoja. Mzinga wake mkubwa ulikuwa umekwisha kutolewa kwenda kupigana nchi kavu, nao pia ukawekewa mfano wa mbao. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma, wakiwa wameipaka injini mafuta ya kutosha kuilinda na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na tangu 1927 ikatembea ziwani kwa jina la Liemba, ikabeba abiria, dagaa na magunia kwa vizazi, Kasanga ikiwa mojawapo ya vituo vyake.

St George ilifika. Haikupata wa kupigana naye.

Spicer-Simson alipata nishani ya DSO kwa kazi ya ziwani, na pamoja nayo karipio kwa mwenendo wake. Mwaka 1919 alikuwa mkalimani katika mazungumzo ya amani Paris. Baadaye alipata kazi Monaco, katika ofisi ya kimataifa ya ramani za bahari, akawa katibu wake hadi 1937, kazi iliyomfaa mtu mwenye lugha na ujuzi wa kupima maji. Alikufa Kanada mwaka 1947. Tangu Kasanga hadi siku hiyo, hakupewa tena chombo chochote cha kuongoza.